Kanga Haina Saizi

Mchele mpya haunywi maji sawa na mchele uliolala ghalani mwaka mzima. Kila aliyepika miaka kadhaa anajua hivyo, na anajua pia kwamba maandishi ya nyuma ya paketi yanataja kipimo kimoja tu cha maji kwa mchele wote wa dunia. Mwali anayepika kwa mara ya kwanza kwa wakwe huyashika maandishi hayo kama amri. Anapima, anafunika sufuria, anapalia makaa juu ya mfuniko, na akifunua anakuta bokoboko. Wakwe hula kimya. Kesho yake mama mkwe humwita jikoni, humtia punje mbili kiganjani na kumwambia azing'ate kwanza kabla hajagusa maji. Sijawahi kuona aliyerudishwa kwao kwa bokoboko la kwanza.

Nimefanya uhasibu zaidi ya miaka arobaini, mwanzo kwenye kampuni ya biashara ya mkoa enzi za foleni za sukari, kisha kwa wafanyabiashara wa Kariakoo na Mtaa wa Uhuru hapa Dar es Salaam. Tangu nistaafu naitwa tu kuketi kando pale mwenye duka anapoletewa mfumo mpya wa kompyuta. Naketi, naletewa chai, nasikiliza. Vijana wauzaji walikuja kwa wingi mwaka 1998, Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipoanza. Wakaja tena 2010, mashine za EFD za kutolea risiti za kodi zilipoingia madukani. Siku hizi wanakuja kila mwezi. Sura zinabadilika, mashati yanabadilika, kompyuta zinazidi kuwa nyembamba, lakini maneno ni yale yale: "Shikamoo mama. Mfumo wetu umeshatengenezwa maalumu kwa biashara kama hii."

Kama hii. Wanangu, neno lenu zito liko hapo kwenye "kama", na ndilo mnalolipita mbio.

Wanachoniletea ni kiolezo. Kampuni imeshafanya kazi kwenye hospitali mbili tatu, hoteli kadhaa, shule, saccos, maduka ya nguo. Ikaona kwamba kila aina ya biashara ina mambo yanayojirudia, ikayakusanya. Orodha ya akaunti ipo tayari. Fomu zipo tayari, na safari ya mali imeshapangwa: agizo, idhini, kupokea stoo, ankara, malipo. Ripoti zimeshachorwa. Muuzaji akiingia kwa mwenye hoteli anafungua skrini yenye vyumba na vitanda, akiingia famasi anafungua yenye dawa na tarehe za kuharibika. Mteja akiona maneno ya biashara yake yanamtazama, moyo unalainika kama siagi juani. Na bei inashuka pia, maana kushona suti kutoka kitambaa kitupu ni ghali kuliko kupunguza kiuno cha suti ya mtumba. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye duka moja la kanga na vitenge.

Mwenye duka, mama mchapakazi aliyesomesha watoto wanne kwa doti za kanga, aliuziwa mfumo wa maduka ya nguo. Siku ya onyesho ulipendeza sana. Kijana aliuza shati kwenye skrini, akauza suruali, akauza viatu, akabadilisha rangi na saizi, risiti ikatoka. Sote tulipiga makofi. Wiki iliyofuata binti wa kaunta akaanza kuingiza mali, akafika kwenye kanga, na mfumo ukamuuliza saizi.

Kanga haina saizi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Inauzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na wa jumla huchukua kwa korija, yaani vipande ishirini. Mwanamke akiingia dukani haulizi L wala XL. Anauliza jina, ile iliyoandikwa hivi na hivi, aliyomwona nayo shangazi yake kwenye maulidi. Sasa sehemu ya saizi ilikuwa ya lazima, ukiiacha wazi mfumo unakataa kwenda mbele. Sehemu ya jina haikuwepo kabisa. Binti akafikiri kidogo, akaona kanga ni kipande kipana, akaandika L. Akaandika L kwa kanga zote dukani.

Baada ya miezi mitatu mwenye duka akaletewa ripoti yenye duara la rangi kama keki iliyokatwa. Ikasema kwamba saizi inayotoka zaidi ni L, na rangi inayotoka zaidi ni nyekundu. Aliniita nimsomee. Nilicheka hadi nikafuta machozi, kisha nikanyamaza, maana alikuwa ameshaagiza mzigo kwa kufuata ripoti ile. Nyekundu iliyotoka ilikuwa ya jina moja tu, jina zuri la kuombea maharusi, na ulikuwa msimu wa harusi. Nyekundu aliyoagiza ilikuwa na jina ambalo ukimpelekea wifi yako hamtasalimiana mpaka Idi. Korija zilipanda rafu ya juu, zikakaa huko na vumbi lake.

Na ukweli wa duka ulikuwa wapi siku zote hizo? Ulikuwa chini ya kaunta. Binti alikuwa na kaunta buku alilonunua kwa hela yake, na humo aliandika kila kanga kwa jina lake, imeingia ngapi, imetoka ngapi, nani ameweka oda. Hakuna aliyemtuma. Aliandika kwa sababu bila hivyo asingeweza kumjibu mteja aliyesimama mbele yake. Basi duka lilikuwa na vitabu viwili, kimoja cha kompyuta chenye rangi na kimoja cha karatasi chenye ukweli. Binti alipokwenda kujifungua, akaondoka na daftari lake. Mwenye duka akabaki na mfumo, na kwa miezi mitatu alikuwa kama mtu anayepika gizani.

Sikumlaumu binti, na wala sikumshangaa. Mwaka 1982 nilikuwa karani wa stoo mkoani, na fomu zetu zilitoka makao makuu zikiwa zimechapwa sawasawa kwa mikoa yote. Aliyezichora aliweka safu ya "vilivyovunjika", kwa kuwa alikuwa anafikiria glasi na sahani. Hakuweka safu ya mali iliyonyonya unyevu wala iliyoliwa na panya. Kwetu sahani hazikuwa zimefika mwaka mzima. Kilichokuwa kinapungua ni sukari. Tukaandika sukari chini ya "vilivyovunjika". Makarani wote tulifanya hivyo, bila kuambiana. Mwisho wa mwaka ikaja barua kutoka makao makuu, ya upole kabisa, ikitushauri tupange vizuri makatoni ili vitu visivunjike hivyo.

Binadamu ndivyo alivyo. Akipewa fomu isiyo na nafasi ya jambo lake, hagomi, haandiki barua ya malalamiko. Anatafuta nafasi iliyo jirani, anatumbukiza hapo, anaendelea na kazi, kwa sababu foleni ni ndefu na mtoto anasubiri nyumbani. Mnaochora mifumo lazima mlijue hilo tangu asubuhi. Skrini ikijazwa mpaka mwisho, hiyo si dalili kwamba kilichojazwa ni kweli.

Na msidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilipofungua maduka Kanada mwaka 2013, ililetewa mfumo mpya uliotakiwa kujazwa taarifa za bidhaa maelfu kwa maelfu kwa haraka kubwa. Makarani walikuwa vijana wanaoharakishwa. Vipimo vingine vikaingia kwa inchi mahali pa sentimita, urefu ukakaa penye upana. Maghala yakajaa huku rafu za dukani zikiwa tupu. Mwaka 2015 walitangaza kufunga maduka yote 133 nchini humo. Yalikuwepo na makosa mengine, ndiyo, lakini hilo la vipimo ni lile lile la binti yangu na L yake, isipokuwa sufuria ilikuwa kubwa zaidi.

Kuna jambo lingine, na hili lina uchungu. Mali kauli.

Vijana waliosoma biashara kwenye vitabu vya nje huwa wananiuliza mali kauli ni nini. Ni mali inayotoka kwa neno la mtu. Mteja wa mkoani anakuja, anachukua mzigo, anasema nitalipa wakati fulani, na anayempa anamjua baba yake. Nilikuwa nashika hesabu za mzee mmoja wa jumla ambaye wateja wake wengi walikuwa watu wa Newala na Masasi. Huko hela inafuata korosho. Mtu anachukua mzigo Julai au Agosti, minada ya korosho inaanza Oktoba, mkulima akishalipwa ndipo naye ananunua dukani, na hela ya Dar es Salaam inafika Desemba. Imekuwa hivyo tangu sijaota mvi.

Mfumo wa "biashara ya jumla" ulipoingia ulikuja na siku 30 za kulipa. Zikipita, jina la mteja linageuka rangi ya chungwa. Zikifika 60, jekundu. Zikifika 90, mfumo unaandika deni bovu na kukataa kumtolea ankara nyingine. Kijana mpya wa mauzo, mtoto mwenye adabu kabisa, alimwambia mteja aliyekuwa amenunua hapo kwa miaka ishirini na mbili, tena mbele ya watu: "Samahani mzee, mfumo unakataa." Mzee yule aliuliza mara moja tu unakataa nini. Akaambiwa. Akasema haya, basi. Akavaa kofia yake, akavuka barabara, akaingia duka la mbele.

Desemba alilipa deni lake lote, akamtuma mwanawe alete. Yeye hakurudi tena.

Ninachokiuguza mpaka leo ni hiki: ndani ya mfumo ule ule palikuwa na sehemu ya kubadili siku za malipo kwa kila mteja. Ni kazi ya dakika mbili. Kiolezo hakikuwa na kosa lolote hapo. Aliyekiuza hakuuliza watu wa Newala wanalipa lini, na mwenye duka hakujua kwamba kuna kitu cha kuulizwa, kwa vile alikuwa ameambiwa kila kitu kimeshatengenezwa. Sentensi ile tamu ya siku ya mauzo ndiyo iliyomfunga mdomo. Ukimwambia mtu chakula kimeshaiva, nani atakuja jikoni kuonja chumvi?

Sasa msije mkasema bibi anachukia violezo. Nimekula mkate wa kiolezo maisha yangu yote. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu, kila shilingi mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea. Hakuibuni yeye. Aliikuta sokoni, akaitazama vizuri, akaiandika. Kiolezo hicho kimetufaa zaidi ya miaka 500, na mwenye duka Kariakoo na mwenye meli Hamburg wanakitumia sawasawa, kwa sababu kilitoka kwenye vidole vya watu waliokuwa wakihesabu hela kweli.

Hata wakubwa wa kazi hii yenu walianza hivyo. Mwaka 1972 wahandisi watano walitoka IBM huko Ujerumani wakaanzisha kampuni ambayo leo dunia inaijua kwa jina la SAP. Mwanzoni hawakuwa hata na kompyuta yao. Walifanya kazi kwenye kompyuta za wateja, wa kwanza akiwa kampuni ya ICI kwenye kiwanda chake cha Östringen, wakikaa humo usiku na mwisho wa juma pale mashine zinapokuwa wazi. Walichojifunza kwa mteja huyo ndicho walichokuja kuwauzia wengine. Kiolezo ni kumbukumbu ya duka la mtu, wanangu. Kuna mtu aliketi mahali akatazama watu wakifanya kazi. Anayekiuza leo mara nyingi hajui hata mahali penyewe palikuwa wapi, na ndiyo maana anakibeba kama msahafu.

Wenye maduka nanyi msijifiche nyuma ya mlango, nawaona. Ugonjwa wenu ni wa upande wa pili. Muuzaji akisema biashara zote zinafanana, ninyi mnasema yetu haifanani na ya mtu yeyote.

Lidl ni kampuni ya Ujerumani yenye maelfu ya maduka Ulaya. Mwaka 2011 ilianza kuleta mfumo wa SAP uliotengenezwa kwa ajili ya biashara ya rejareja. Mfumo ule, ukiuacha ulivyo, unahesabu mali ya stoo kwa bei ya kuuzia. Lidl ilizoea kuhesabu kwa bei ya kununulia, na haikutaka kuacha. Tunaojua hesabu tunajua kwamba duka linaweza kuendeshwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, ilimradi mjue mnafuata ipi. Wakaanza kuupinda mfumo, na sehemu moja ikipindwa ya jirani nayo inadai kupindwa, kama mkeka unaofumuliwa ukili mmoja. Mwaka 2018 waliacha kazi yote, baada ya miaka saba, na kiasi kilichotajwa na magazeti ni kama euro milioni 500. Walirudi kwenye mfumo wao wa zamani. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo ya bei ndiyo iliyotajwa zaidi, na jambo kama hilo lilistahili kusemwa mezani mwezi wa kwanza, chai ikiwa bado ya moto.

Mimi nami nimemshuhudia mwenye bohari mmoja aliyekataa mfumo mzuri kwa sababu hati ya kutoa mali ilikuwa na sahihi moja, naye alitaka nne. Akalipia kuubadilisha, zaidi ya bei aliyonunulia. Nilimuuliza sahihi nne zilitoka wapi. Alikuwa hajui, zilikuwepo tangu wakati wa marehemu baba yake. Mimi nilikuwa najua, kwa kuwa nilikuwepo. Mwaka 1986 kulikuwa na mwizi mmoja wa stoo, na marehemu akaongeza sahihi tatu kwa ajili yake. Mwizi huyo alishazikwa miaka mingi iliyopita.

Kwa hiyo mwenye duka, kabla muuzaji hajaja, keti na watu wako uwaulize kila jambo mnalolifanya lilianza lini na kwa ajili ya nani. Mali kauli ya Newala ni mfupa wa biashara, ukiuvunja hutembei. Sahihi nne ni koti la marehemu. Koti linaweza kuvuliwa. Mtu wa nje hawezi kukutambulia kipi ni kipi, hata awe na vyeti vya ukuta mzima, na gharama ya kutotambua utailipa wewe.

Nanyi wauzaji, nawaomba mambo machache, na hayana gharama kubwa. Msifanye onyesho kwa mashati yenu. Ombeni mali ya duka lenyewe, na ombeni ile ngumu: kanga yenye jina, nondo inayokatwa nusu, gunia lililofunguliwa likauzwa kwa kilo na kwa kopo, dawa inayotolewa vidonge sita. Mfumo ukikataa, ukatae mbele ya mteja siku hiyo, wakati hela yake bado iko mfukoni mwake. Ketini dukani tangu linapofunguliwa mpaka hesabu zinapofungwa jioni, kwani jioni ndipo watu wanapogombana, na pale wanapogombana ndipo pana taarifa inayokosekana. Na mwombeni karani, kwa heshima, mkiwa peke yenu, awaonyeshe daftari lake. Analo. Ikiwa hana daftari ana kikundi cha WhatsApp, na ikiwa hana kikundi, ana kichwa chake. Mkiona daftari limetoka chini ya kaunta msilicheke wala msimshtaki kwa bosi. Lile ndilo duka.

Najua mna malengo ya mwezi, na bosi wenu anauliza mikataba mingapi imesainiwa. Najua siku tatu za kuketi dukani hazionekani kwenye ripoti yenu. Hakuna aliyeweka safu yake. Zitafutieni nafasi iliyo jirani, kama sisi na sukari yetu.

Yule mama wa kanga hakuutupa mfumo wake. Alikuja kijana mwingine wa kampuni ile ile, mpole, asiyependa kusema. Aliketi kwenye stuli karibu na mlango siku tatu akitazama. Siku ya tatu binti wa kaunta alirudi kazini akiwa na mtoto mgongoni, akampa kaunta buku bila hata kuombwa mara mbili. Kijana akaifuta sehemu ya saizi kwenye kanga, akaweka jina. Akaongeza doti na korija kwenye vipimo. Alianza baada ya swala ya adhuhuri, na muadhini alipoadhini alasiri alikuwa ameshamaliza.